Mkono Usiosikia Moto

Wa kwanza kuujua ugonjwa wangu walikuwa sisimizi. Kila asubuhi walikuwa wamejaa nyuma ya tanuri, pale nilipozoea kwenda haja ndogo, na kwa mtu wa kazi nyingine hiyo ingekuwa habari ya kumkimbiza hospitali. Lakini mimi nilikuwa mpishi wa sukari nguru kule Uriri. Kwetu sisimizi walikuwa kwenye shati, kwenye kofia, kwenye kikombe cha chai na ndani ya mkate. Nani angeketi kuwauliza wanatafuta nini?

Nawaambia haya nyinyi vijana mnaosimama leo mbele ya karai. Najua maneno ya wazee huwachosha. Hata mimi yananichosha, na nimechoka tayari kabla sijaanza. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi maradhi yangu sikuyaficha. Niliyaonyesha watu wote, na watu wakanipigia makofi.

Kwa asiyejua kazi yetu, ni hivi. Miwa husagwa kwenye krasha, maji yake yakaingia kwenye karai kubwa lililojengewa juu ya tanuri, na moto wenyewe ni wa makapi yaleyale ya miwa yaliyoanikwa juani. Yakianza kuchemka unaengua povu, unatia chokaa kidogo, unaengua tena, na unakoroga mpaka yanakuwa mazito na rangi imekolea. Hapo yanamwagwa kwenye kihori cha mbao, yanakorogwa yapoe, kisha yanajazwa kwenye visanduku yagande. Mtu akiliona donge la sukari nguru sokoni Ogwedhi hufikiri limeokotwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwingine hununua gunia zima akisema ni ya ng'ombe, na nyumbani kwake hakuna hata kuku. Sisi tulijua inakwenda kupikiwa chang'aa, lakini hatukumuuliza ng'ombe wake hulewa saa ngapi.

Kazi yote iko kwenye kujua wakati. Ukimwaga mapema, haigandi, inabaki kama uji wa mgonjwa. Ukichelewa inaungua, na uchungu wake hautoki hata uombe. Hatukuwa na kipimo cha kununua dukani, kipimo kilikuwa vidole. Unavichovya kwenye maji baridi, unavitia upesi kwenye karai, unanyakua kidogo, unavirudisha kwenye maji baridi na kuviringa. Ikikimbia vidoleni, ngoja. Ikishikana ikawa gololi, paza sauti moto utolewe. Na ile gololi huitupi, unaitia mdomoni, maana ulimi nao lazima uulizwe. Hebu fikiria ulimi unaoulizwa hivyo kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi, halafu jioni mwenyewe anakunywa chai ya sukari kama watu wengine.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Obiero, mtu mrefu, mwepesi wa kucheka na mzito wa kusifu. Yeye hakutumia maji baridi. Alitia vidole vitupu kwenye karai linalotokota kama mtu anayechota maji mtungini. Siku yangu ya kwanza nilijaribu kumwiga, nikaruka nikapiga kelele iliyowatoa wanawake mashambani. Obiero alicheka mpaka akakaa chini.

"Moto bado haijakujua, omera, ndugu yangu," aliniambia. "Wewe pika tu. Ikikujua, itakuacha."

Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya jikoni kwetu. Moto una siku yake ya kumtambua mpishi, na tangu siku hiyo anahesabiwa kuwa fundi. Kabla ya hapo wewe ni mtu wa kuengua povu. Kila mmoja wetu aliingoja siku yake, na tulitazamana vidole kama wasichana wanavyotazamana pete.

Yangu ilifika nikiwa na mvi. Nilikuwa nikibishana na dereva wa trekta ya miwa, nikasahau maji baridi, nikatia vidole moja kwa moja, nikaviringa gololi, nikaila. Nilipovitazama vidole, ngozi ilikuwa imeanza kuvimba, lakini mimi sikuwa nimesikia chochote. Wenzangu wakaacha kazi wakapiga makofi. "Jaduong' ni wewe sasa!" walisema, yaani mzee wa jiko. Siku hiyo nikaitwa Mkono wa Chuma, na tajiri mwenyewe, ambaye kwa kawaida hakununua hata kiberiti, akaagiza soda za kunipongeza. Nilikunywa yangu na ya mwenzangu. Kiu niliyokuwa nayo miezi ile sijui niieleze vipi.

Kiu, ndiyo. Lakini nani hana kiu mbele ya tanuri? Nilichoka, nani hachoki? Nilikonda mpaka suruali ikafungwa kwa kamba ya katani, lakini mpishi mnene nani amewahi kumwona? Macho yaliingia ukungu, nikalaumu moshi. Kazi yetu ilikuwa na jibu la kila dalili, na ndiyo maana nawaambia msiiamini sana.

Wakati huo Obiero alikuwa amekwisha kufa. Aliacha kazi kwa sababu ya kidonda cha mguu kisichopona. Kwao walisema kuna mtu amefukia kitu njiani, akakikanyaga. Akapelekwa kwa waganga, huyu akachanja, yule akafukiza, na mguu ukazidi kuoza mpaka ukaondoka na mwenyewe. Nilikuwa miongoni mwa waliomtafuta adui yake kwa macho pale matangani. Tulimshuku jirani mmoja aliyechelewa kufika halafu akala sana. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi tulikuwa tukikitafuta uani kwa watu.

Mimi sikugunduliwa na daktari. Niligunduliwa na pua ya mke wangu, Min Atieno, mama wa binti yetu Atieno. Siku za kazi nilikaa chumba cha kupanga huko Uriri, na Jumapili nilikuwa nyumbani kwetu Kendu Bay. Jumapili hiyo tulikuwa tumetoka kanisani, mimi nimekaa na viatu vyangu vya ibada, naye anaweka ugali mezani. Akasimama akinusa, akaniita baba Atieno kwa Kiluo.

"Wuon Atieno, kuna kitu imekufa humu ndani?"

Kwanza alilaumu omena, dagaa wake wa kuuza, akatoka akawanusa, akarudi akitikisa kichwa. Tukatafuta panya. Nilisukuma kabati, nikainua godoro, na kila nilikokwenda harufu ilikuja nami. Mwishowe paka akaja akakaa karibu na kiatu changu cha kushoto, akawa anakitazama. Min Atieno akamtazama paka, akanitazama mimi, akapiga magoti akanivua kiatu. Soksi ilikuwa imegandamana na nyama. Kati ya vidole palikuwa na shimo jeusi. Tone la sukari ya moto lilikuwa limeniingia kwenye sandali za tairi nilizokuwa nikivaa kazini, sijui siku gani, likatulia humo likichoma, nami nikaendelea kupiga hadithi.

"Haikuuma?"

"Haikuuma," nilisema, na niliisema kwa majivuno. "Moto umenizoea mimi."

"Moto imekuzoea, sawa. Na kidonda? Pia imekuzoea?"

Ugali ulipoa pale mezani.

Hospitalini Homa Bay nilipokewa na muuguzi msichana, mdogo kuliko Atieno wetu. Alinidunga kidole, akatia damu kwenye mashine, akaitazama, akabadilisha kidole akapima tena.

"Jaduong', unafanya kazi gani?"

"Napika sukari nguru."

Benchi zima la wagonjwa likacheka. Nami nikacheka, lakini nilipoona yeye hacheki nikanyamaza. Akaniambia sukari yangu iko juu sana, ni kisukari cha aina ya pili, kile kinachomjia mtu mzima polepole, na huenda nimekaa nacho miaka bila kujua. Kisha akaniambia nifumbe macho. Alikuwa na kiuzi kigumu cha plastiki, chembamba kama unywele wa mswaki.

"Nitakugusa nyayo," alisema. "Ukisikia, sema ndiyo."

Nikafumba macho nikangoja. Nilisikia mtu akikohoa kwenye foleni, nikasikia toroli likipita. Nikachoka kungoja.

"Anza basi, sista."

"Nimemaliza, jaduong'."

Hapo ndipo nilipoogopa. Alinieleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, nyayo zikafa ganzi. Nikamuuliza kama ganzi hiyo huweza kuingia na mikononi. Akasema huweza. Nikayakumbuka yale makofi, nikaikumbuka na soda. Nikamkumbuka Obiero na vidole vyake vitupu, na kidonda chake, na yule jirani wa watu tuliyemkodolea macho bure. Moto haukuwa umetujua. Ni sisi tuliokuwa tumeacha kuujua.

Daktari alikuja akauinamia mguu. Alisema wataondoa kidole kimoja kwanza, waone. "Kidonda ikipanda, tutakata hapa," akashika juu ya kifundo. Tangu siku hiyo maisha yangu yamekuwa swali moja tu: nitabaki na mguu huu au sitabaki. Ndugu mmoja alikuja wadini akaninong'oneza kwamba anamjua mganga wa huko mpakani, mtu wa uhakika. Min Atieno hakuinua hata sauti. "Obiero alienda huko na miguu mbili," alisema, akaendelea kunimiminia uji.

Nilirudi nyumbani na mguu, kasoro kidole, na mfuko wa tembe. Sasa sikieni kosa ambalo mpishi wa sukari tu ndiye anayeweza kulifanya. Karai likiiva, moto hutolewa. Anayeacha moto chini ya karai lililoiva ni mjinga, hilo nililifundisha watu kwa ukali. Basi kidonda kilipoanza kufunga, kiu ikaisha, usingizi ukarudi, nikasema mwili huu umeiva. Nikatoa moto. Yaani niliacha tembe, kimya kimya, bila kumwambia mtu. Kiu ikarudi, nikajidanganya ni jua. Kisha kidonda kikafunguka tena, na nikarudi Homa Bay nimeshikwa mkono. Muuguzi yule aliponiona aliweka kalamu chini. Nilimweleza habari ya karai na moto, nikidhani angalau atacheka.

"Hii haiivi, jaduong'," aliniambia. "Hii wewe utapika tu."

Na hilo ndilo lililonichosha. Si maumivu, maana maumivu yenyewe siyasikii. Nimechoshwa na kukosa mwisho. Karai nililistaafu, nikaagwa vizuri, nikapewa blanketi na hotuba. Hii haina kustaafu. Kila asubuhi tembe. Kila asubuhi natia mkono ndani ya viatu nione kama kuna changarawe kabla sijavaa, na mkono wenyewe siuamini, kwa hiyo navikung'uta pia. Peku siendi hata chooni. Maji ya kuoga anayapima Min Atieno kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Jioni kabla jua halijazama anakaa nami mlangoni, anaweka mguu wangu pajani pake na kuukagua kidole kwa kidole. Namwonea huruma, na siku nyingine namwonea hasira bure, kwa sababu yeye anajua habari za mguu wangu kabla yangu mimi mwenyewe.

Chakula nacho kina uchovu wake. Ugali umepunguzwa ukawa wa kuonja, mboga za osuga zimejaa sahani mpaka najiona mbuzi. Samaki hajakatazwa, namshukuru Mungu. Lakini nyumbani ni rahisi, taabu iko matangani na kwa wakwe. Huku kwetu kukataa chai si kukataa chai, ni kumkataa aliyeipika. Nilipokwenda kwa wakwe wa Atieno niliomba ya bila sukari. Mama mwenye nyumba akaingia jikoni, akakaa, akatoka na kikombe. "Nimeweka kidogo tu, ya heshima," alisema. Nilikishika kikombe hicho mpaka kikapoa, tukizungumza habari za mvua, na baadaye nikasikia wamesema mzee alikuja na kinyongo. Siku hizi nasema mapema, nikiwa bado mlangoni: mimi nina sukari, nipeni maji. Wanaojua nilikopitia hucheka sana. Wacheke. Aibu ya mlangoni ni fupi kuliko aibu ya kikombe mkononi.

Basi mguu bado ninao, na swali la daktari bado ninalo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, nimekaa na uchovu wangu, aliponipigia simu Chacha.

Chacha ni mtu wa Kegonga, ndiye aliyeshika upawa wangu nilipoondoka. Nilimfundisha mwenyewe na ana mkono mzuri, jambo ambalo sijamwambia na naomba mmwambie nyinyi. Sauti yake siku hiyo ilikuwa imejaa furaha.

"Mzee, nimetaka kukuambia wewe kwanza. Moto imeanza kunijua!"

Min Atieno alinikataza kusafiri kwa sababu kidonda kilikuwa kibichi, na siku hizi namsikiliza katika kila jambo, lakini siku hiyo sikumsikiliza. Nilivaa viatu, nikavifunga, nikaenda Uriri. Njia nzima nilikuwa nauona mguu wa Obiero.

Nilimkuta mbele ya karai, wenzake wamemzunguka, na mmoja tayari anamtafutia jina. Sikusalimia mtu. Nilimshika Chacha mkono nikamvuta kando, kwenye lundo la makapi.

"Kaa chini. Fumba macho."

"Mzee, kuna nini?"

"Fumba!"

Niliokota jani kavu la muwa, nikamgusa ncha ya kidole, taratibu, kama yule msichana alivyonigusa mimi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Nikagusa kingine. Akasikia. Nikapita vyote vya mkono huu na vya mkono ule, akasikia. Nikamvua sandali nikampitishia jani wayoni, akauvuta mguu kwa nguvu, ametekenywa.

"Sasa moto imekujua namna gani, Chacha?"

Akafumbua macho. Akaangalia kama wenzake wako karibu, akainamisha kichwa.

"Inauma, mzee," alinong'ona. "Inauma kila siku. Mimi nanyamaza tu, nauma meno. Hata mimi nilitaka jina kama yako."

Sikumbuki ni lini nilifurahi kiasi hicho. Nilikaa juu ya makapi machozi yakanitoka, na yeye maskini akadhani amenikosea. "Pole, mzee, pole sana," alikuwa akisema. Nilivua na viatu vyangu nikamwonyesha: pale palipokuwa na kidole, na kidonda, na mstari wa juu ya kifundo ambao daktari aliushika. Nikamwambia jina langu lilitoka hapo. Nikamwambia aende akapimwe damu hata kama anasikia vizuri, maana mimi nilipimwa mwisho, ganzi ikiwa imekwisha kuingia. Nikamwambia vidole vipite kwenye maji baridi kila mara, gololi aitupe asiile, na akiungua apige kelele bila kumwonea mtu haya. Siku atakapoungua na kunyamaza kwa sababu hana cha kulilia, asingoje makofi, ashuke aende hospitali.

Alikuwa akiutazama mguu wangu.

Karai halikutungoja. Mtu wa moto aliita kwamba inakaribia, na Chacha akainuka akakimbia. Alivichovya vidole kwenye maji baridi kwa haraka mno, maji hayakumshika vizuri, akavitia kwenye karai.

"Uwiii! Mama yangu!"

Kelele hiyo ilifika barabarani. Gololi ikamdondoka, akawa anarukaruka akipuliza vidole. Wenzake walicheka wakashika mbavu, mmoja akamwita mtoto mchanga, na yule aliyekuwa akimtafutia jina akatupa mkono akaenda zake. Mimi niliinuka kwa mguu wangu mbovu, nikasimama pale kwenye moshi, nikampigia makofi peke yangu.